Re: Kitufe cha "Nyuma" kinampeleka mtu njia siyo yake

Mkuu, umeuliza kuhusu kozi yako ya slaidi za kompyuta, ile ambayo jibu la mwanafunzi ndo linaamua anafuata njia gani ya slaidi: kwa nini aliyechagua njia B akibonyeza "Nyuma" anatua kwenye slaidi ya njia A. Ni kwamba kitufe chako kinafuata mpangilio wa slaidi kwenye faili, hakijui yeye kapita wapi, so kiseti kifuate historia, yaani kirudi slaidi ya mwisho aliyoiona. Halafu kwenye slaidi ya maamuzi (ile anayochagulia njia) ficha kabisa "Mbele", majibu yenyewe ndo yawe vitufe, maana ukiiacha watu wanabonyeza tu bila kusoma wanaangukia njia ya kwanza (mi yalinikuta hayo, acha tu). Na akirudi hapo, slaidi ijirizeti (ianze upya kama hajajibu), la sivyo jibu la zamani linabaki na tiki na hawezi kuchagua upya.