Mwanangu, tazama kwanza ukingo wa dhahabu

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima, mama yako anakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeonyeshwa jambia la Kihindi dukani huko London, mpini wa jiwe jeupe la jedi uliopambwa kwa yakuti na zumaridi. Muuzaji anasema ni la enzi za Shah Jahan, yule mfalme wa India wa karne ya 17, nawe waniuliza utajuaje kama ni kweli. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kutoa pesa.

Usianze na vito. Vito ndivyo vinavyomvuta mnunuzi, na mghushi analijua hilo. Tazama pale kito kinapokutana na dhahabu. Wahindi wana ufundi waitao kundan: dhahabu husafishwa mpaka ibaki karibu halisi tupu, ikalainika hata vipande vyake hushikana kwa kukandamizwa tu, bila moto wala lehemu. Fundi huchimba kitundu kwenye jedi, hutia lakiri, huweka juu yake karatasi nyembamba ya fedha inayong'aa, kisha kito, halafu huisukuma dhahabu pembezoni kwa kichuma kidogo mpaka ikibane. Kwa hiyo ukingo wa kweli, ukiutazama kwa kioo cha kukuzia, hauko sawasawa. Hapa umenenepa, pale umekonda, na nyayo za kile kichuma unaziona. Ukikuta unene mmoja mzunguko mzima, au gundi inachungulia, rudisha jambia mezani.

Wala usikikimbie kito kilichofifia. Unyevu ukipenya chini, ile karatasi ya fedha huwa nyeusi na kito hupoteza mwanga. Mpini wa karibu miaka 400 ambao vito vyake vyote vinawaka kwa nguvu moja, mimi ningeutilia shaka.

Nikwambie lililonikuta. Nilipokuwa bado kijana, najifunza usonara kwa mzee mmoja wa Kihindi hapa Mombasa, familia moja iliniletea jambia la babu yao. Nikaona jedi safi, yakuti nyekundu kama damu, nikawaambia palepale ni la kale. Jioni mzee alirudi, akaliinamisha dirishani, akanipa kioo. Ndani ya yakuti nikaona mistari iliyopinda kama mifereji ya santuri, na viputo vya hewa. Mistari ya yakuti iliyotoka ardhini hunyooka na kukutana kwa pembe. Iliyopinda ni ya kuyeyushwa kwa moto kiwandani, kwa njia ambayo Mfaransa Auguste Verneuil aliitangaza mwaka 1902. Mpini wenyewe ulikuwa wa kale kweli, lakini uliishi mtupu, na vito vikapandikizwa baadaye ili upande bei. Ilinibidi niwarudie wale watu niwaambie nimekosea. Uso wa yule mama hadi leo ninao.

Kwa hiyo usiulize tu "ni la kweli au la uongo?" Mpini una umri wake, vito vina wake, na bapa lina lake. Bapa hushikwa na lakiri ndani ya mpini. Lakiri ikipata moto hulegea, bapa likatoka, na watu wa zamani walibadilisha mabapa bila kuona vibaya. Hilo si wizi, mradi muuzaji aliseme.

Bapa zuri la Kihindi ni la fuladi yenye mawimbi kama maji ya kina kifupi. Wengine huyachora mawimbi hayo kwa tindikali juu ya chuma cha kawaida. Basi geuza bapa utazame mgongoni: mawimbi ya kweli yamo ndani ya chuma chenyewe, hivyo hupanda mgongo na kushuka upande wa pili. Ya kuchora aghalabu hukomea usoni.

Kuhusu hilo jina la Shah Jahan, usilipe hata pauni moja zaidi kwa ajili yake. Lipo jambia lake lililopigwa mnada hukohuko London mwaka 2008, lina maandishi ya vyeo vyake na mwaka wa Hijria, likauzwa kwa zaidi ya pauni milioni moja na nusu. La dukani kwako lina nini zaidi ya maneno ya muuzaji? Tena muulize lilitoka India lini. Sheria yao ya mwaka 1972 inamkataza mtu binafsi kutoa nje vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100. Akikujibu "juzijuzi," basi ama si la kale, ama limetoka kwa magendo. Vyovyote vile, liache.

Kabla hujarudi dukani, nenda jumba la makumbusho la Victoria and Albert, ukitazame kikombe cha jedi nyeupe cha Shah Jahan cha mwaka 1657, chenye kishikio cha kichwa cha mbuzi. Simama hapo muda mrefu. Angalia mikunjo ya masikio na pembe: hata mle ndani mwenye giza pamesuguliwa mpaka panateleza. Mpini wa kuchongwa jana kwa mashine huwa umeng'arishwa juu tu, mabondeni ukaachwa na mikwaruzo.

Mjomba wako anasafiri kuja huko Jumamosi. Nimempa kile kioo changu, kimefungwa kwenye kitambaa cha kijani. Kabla hujalipa chochote, nipigie picha ya ukingo wa dhahabu kwa karibu, na nyingine ya mgongo wa bapa.

Baba yako