Moyo wa Kima Darasani

SWALI: Nafundisha darasa la tatu, wanafunzi 64. Nikiwasimulia hadithi na kuwauliza mhusika alijisikiaje, wote hujibu "vibaya" au "vizuri", basi. Nifanyeje?
Mwalimu, Muheza

JIBU: Hisia wanazo, Mwalimu, wasichokuwa nacho ni majina yake. Chukua hadithi wanayoijua, kwa mfano ile ya kima anayebebwa mgongoni na rafiki yake papa kwenda kwao papa, na usiisimulie yote kwa mkupuo. Simama pale papa anapofichua, wakiwa katikati ya bahari, kuwa sultani wa kwao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Nyamaza kidogo. Kisha uliza: "Mwilini mwa kima kunatokea nini sasa hivi?" Koo limekauka, tumbo linamkata, mikono imeng'ang'ania mgongo wa papa. Mtoto huutambua mwili kabla ya jina la hisia. Wazungumze wawiliwawili kwa dakika mbili, kwani wakinyoosha vidole watajibu wale wale watano.

Ndipo uandike ubaoni maneno matatu, yasizidi: hofu, uchungu, hasira. Kila mmoja achague na kumalizia "kwa sababu…" Mmoja atasema hofu, maana kima anakwenda kufa. Mwingine atasema uchungu, maana papa ni rafiki ambaye kima alimtupia makuyu kila siku. Wote wamepata, na wasikie hivyo kutoka kwako. Halafu mgeukie papa: ana aibu, au anamwogopa sultani? Hili ni gumu zaidi, nami naona ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa sababu linamzoeza mtoto kumtazama hata aliyekosea.

Kinachoharibu kipindi ni kukimbilia "Hadithi inatufundisha nini?" Watakariri "tusiamini kila mtu" na mazungumzo yatakufa. Wala usimsimamishe mtoto aeleze nani alimsaliti. Achore kwenye daftari lake, lisisomwe mbele ya wenzake.

SWALI: Na mtoto akiropoka jambo zito la nyumbani?

JIBU: Mshukuru kwa sentensi moja, rudi kwenye hadithi, na umwone faraghani siku hiyohiyo. Sikiliza bila kumhoji, wala usimwahidi kuwa itabaki siri yenu. Kama kuna dalili za ukatili, mwarifu mwalimu mkuu na afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto.