Kabla hujachora bango la michezo, kasimame litakapobandikwa

Wewe unayeanza kazi ya kuchora mabango, anayekulipa siye atakayelisoma bango. Mwenye mashindano atakaa nawe mbele ya kompyuta, atasema kuza nembo, ongeza kombe, na ukimaliza atafurahi. Lakini likishabandikwa ukutani hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, yeye hayupo. Wapo vijana wa bodaboda kwenye steji, akina mama wauza nyanya, wanafunzi wanaorudi nyumbani, na wachuuzi wanaovuka mpaka na mizigo. Hao ndio wa kuwachunguza.

Mimi nilifundishwa na bango la mpira wa pete la wasichana. Nilipata picha nzuri ya msichana akirusha mpira golini, nikaiweka katikati. Mchezaji mmoja alipoliona alinyoosha kidole kwenye pete: nyuma yake palikuwa na ubao. Ubao ni wa mpira wa kikapu. Pete ya netiboli hukaa peke yake juu ya mlingoti. Katika nchi yenye She Cranes, timu ya taifa ya netiboli, ambapo wasichana wengi wameucheza mchezo huo shuleni, nilikuwa nimewaita watu kwenye mchezo mwingine. Tangu siku ile sipeleki picha kuchapwa kabla haijaonwa na mtu anayeucheza mchezo wenyewe.

Hata hivyo ubao halikuwa kosa kubwa zaidi. Nilidhani nawaandikia wachezaji na marafiki zao. Niliposimama karibu na ukuta ule jioni mbili, niliona wasichana wanatazama picha na kupita, ila waliosoma mpaka chini ni akina mama. Nikamwuliza mmoja, "Shikamoo mama, unatafuta nini hapo?" Akasema, "Marahaba mwanangu. Hii inaisha saa ngapi? Atarudi na giza?" Bango halikuwa na saa ya kumaliza. Nilikuwa nimemsahau mtu mwenye ruhusa mkononi.

Na saa ya kuanza nayo niliandika 2:00, kama kompyuta inavyoonyesha. Sisi wa Kiswahili, na wenzetu wa Luganda vilevile, tunahesabu saa tangu jua lichomoze, kwa hiyo anayesoma akipita anaona saa mbili. Andika saa 8 mchana, na neno mchana lisikosekane.

Rangi ziulizie mapema. Uganda hii manjano ni ya chama cha NRM na nyekundu ni ya chama cha NUP. Miezi ya kampeni, bango lako la mbio linaweza kudhaniwa la mgombea, likachanwa au likapitwa. Kwa washabiki wa kandanda wa Kampala pana jambo jingine tena: manjano ni KCCA, nyekundu ni Express, buluu ni SC Villa. Huwezi kuzikimbia rangi hizi, maana nyeusi, manjano na nyekundu ndiyo bendera yetu. Zikikaa zote tatu pamoja watu wanaona taifa na Cranes, timu yetu ya taifa ya kandanda. Moja ikitawala peke yake, uliza kwanza watu wa mtaa ule.

Namna ya kuuliza nayo ina adabu yake. Ukimwonyesha mtu kazi yako na kusema "Ni nzuri?", atakujibu nzuri, kwa sababu hataki kukuvunja moyo. Mimi huchapa nakala moja ya bei nafuu, isiyo na rangi, naibandika, navuka barabara kuona herufi zipi zinasomeka kutoka ng'ambo. Kisha namwita mpita njia, namwachia aitazame kwa pumzi tatu, naifunika, namwuliza: mchezo gani, wapi, lini, kiingilio kiasi gani? Asichokumbuka nakirekebisha. Fanya hivyo kabla ya kwenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji kule Kampala, maana mashine ikishaanza kuchapa, kosa moja linakuwa mia tano.

Bango la msimu uliofuata lilikuwa na mstari mkubwa kuliko nembo: "Tunamaliza saa 11 jioni." Mwenye mashindano alilalamika kwamba nembo yake imepungua. Nikampeleka ukutani tukasimama pamoja mpaka akina mama wakatoka sokoni. Wa kwanza alipouwekea kidole mstari ule na kumgeukia binti yake, mwenye mashindano hakuitaja nembo tena.