Pogoa Septemba: Ushauri kwa Anayetaka Mvinyo wa Nyumbani Nairobi

Wiki iliyopita kaka mmoja alinitumia ujumbe: "Dada, nimeona picha za chupa zako za Krismasi. Mimi nina ploti Kitengela, arobaini kwa themanini, nyumba imechukua nusu. Nataka kupanda mizabibu nijitengenezee mvinyo. Nianze na nini?"

Nilimjibu kwa mistari miwili: nunua mikasi mizuri ya kupogoa, na mizabibu ikishakomaa usiipogoe mpaka Septemba. Akaniandikia tena kuuliza kama kuna siri ninayomficha. Kaka yangu, sikufichi kitu. Jibu lile limenigharimu miaka sita na machozi, na limenigharimu heshima mbele ya watu wa ukoo, kwa hivyo leo naliandika lote. Najua si wewe peke yako. Kila mwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ana ndoto kama hii.

Nianzie Desemba 2019, siku ya ruracio, sherehe ya mahari, ya mdogo wangu. Wakati huo sikuwa na mzabibu hata mmoja. Katikati ya mwaka nilikuwa nimenunua kilo 15 za zabibu Marikiti, zile za Misri zinazofika msimu huo, nikaziponda kwenye ndoo, nikatia sukari kwa kukisia na hamira ya mkate, nikafunika kwa leso. Ilichemka vizuri siku kadhaa, povu likapanda, nyumba nzima ikanukia. Nilijiona nimefika. Ilipotulia niliiacha humo humo ndooni, nusu ndoo, chini ya leso ile ile, wiki tatu nzima. Kisha nikajaza chupa kumi, nikazifunga utepe mwekundu, na sikuionja hata moja kabla ya siku yenyewe.

Shemeji yangu, mume wa dada mkubwa, ndiye aliyemiminiwa kwanza. Alipiga funda moja, akageuka, akatema kwenye nyasi mbele ya wazee wa pande zote mbili. "Hii ni siki ya kachumbari," akasema. Watu walicheka. Nilizikusanya chupa zangu moja moja nikazirudisha jikoni, na tangu siku hiyo hadi leo hajawahi kuniambia pole.

Lililonikata zaidi ni kwamba kulikuwa na muratina pale pale, na iliisha yote. Baba mdogo aliitengeneza kwa asali na maji, kwenye kibuyu, karibu na moto, bila kifaa chochote cha kununua dukani. Kesho yake nilimfuata nikamwomba anifundishe. Akanionyesha tunda la mwegea linalotiwa humo, refu kama soseji, lililochemshwa, likapasuliwa na kuanikwa mpaka likawa jepesi kama sifongo. Hamira inajificha ndani ya nyuzi zake. Pombe ikiwa tayari, tunda linatolewa, linaanikwa tena juani, linawekwa pakavu hadi safari ijayo. Kibuyu chake hakiingii kitu kingine chochote, na hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kukiosha. Nilitazama mikono yake akikisugua, nikakumbuka ndoo yangu iliyokuwa imeloweka nguo wiki moja kabla ya zabibu.

Kwa hivyo funzo la kwanza: osha. Osha ndoo, osha bomba la mpira, osha kijiko, suuza, kisha osha tena kabla ya kutumia. Na uitenge ndoo yako, isiguswe na sabuni ya nguo wala unga.

La pili ni hewa. Hamira inapokula sukari inatoa pombe na hewa ya kaboni, na hewa hiyo inaufunika mvinyo kama blanketi. Uchachukaji ukiisha, blanketi linaondoka. Hapo wale nzi wadogo wa matunda wanaingia na bakteria wa siki miguuni, na bakteria hao wakipata hewa wanaigeuza pombe kuwa siki. Leso haizuii hewa. Sasa mimi hutumia mtungi wa maji wa lita 20, ninaujaza mpaka shingoni, kizibo nimekitoboa nikapitisha mpira mwembamba unaoishia ndani ya glasi ya maji. Hewa inatoka ikibubujika, haiingii. Kitu cha shilingi chache kabisa, na laiti ningekijua 2019.

Mama yangu alipinga jambo hili lote kwa muda mrefu, na simlaumu. Mei 2014 watu wengi walikufa Embu, Kiambu, Kitui na Makueni kwa pombe iliyotiwa methanoli, wengine wakapofuka. Kwake pombe yoyote iliyotengenezwa nyumbani ni ile. Nilikaa naye nikamweleza kwamba zabibu zikichachuka zenyewe zinatoa methanoli chembe tu isiyoweza kudhuru hivyo, na kwamba sumu ile ilitiwa na watu kwa makusudi. Bado hanywi. Ila sasa anaingia chumba cha mitungi.

Miche niliipanda Aprili 2021, kumi, hapa kwangu mtaa wa Utawala, Nairobi. Aliyeniuzia aliapa ni Cabernet, aina ya Ulaya ya mvinyo mwekundu. Niliipanda moja kwa moja kwenye ule udongo mweusi wetu, ambao kila mkazi wa upande huu anaujua: jua likiwaka unapasuka mguu unaingia, mvua ikinyesha unashika maji kama beseni. Minne ilikufa kwa mizizi kuoza. Sita iliyobaki niliing'oa, nikaleta lori la udongo mwekundu na mchanga, nikainua tuta la sentimita 50, nikairudisha. Kama uko Kikuyu au Karen na una udongo mwekundu, umebarikiwa, ruka hapa. Nguzo na nyaya alinifungia fundi kwa siku moja.

Kuhusu Cabernet: majani yalipokua niliona chini yake yana manyoya meupe kama pamba. Matunda yalipokuja, ukilibinya tunda ganda linavuka lote na nyama inateleza nje, na harufu yake ni kama stroberi. Hiyo ni Isabella, aina ya Marekani. Ufaransa waliipiga marufuku kwenye mvinyo wa kuuza tangu miaka ya 1930. Niliumia sana, na bado nikimpita yule muuzaji sisimami. Lakini lazima niseme ukweli: Isabella inavumilia ukungu kuliko aina nyingi za Ulaya, na kwa mtu anayeanza hapa kwetu huenda nisingepata mche bora kuliko huo. Wewe uliza jani kabla ya kulipa. Geuza jani utazame chini.

Sasa nifike kwenye mikasi.

Desemba 16, 2023 nilikuwa likizo. Nilikuwa na nafasi, mti ulikuwa umevurugika matawi, nikapogoa. Sikuuliza mtu. Ulichipua vizuri ajabu, ukatoa maua Januari, ukabeba vichala ambavyo sijawahi kuona tena kwa wingi. Niliwapigia ndugu simu kuwaambia mwaka huu ni huu. Mwishoni mwa Aprili 2024 vilikuwa vimebakiza siku chache kuiva, na ndipo mvua ile ikaja. Mnakumbuka Aprili ile. Mathare nyumba zilikwenda na maji, watu walikufa. Kwangu ukuta ulisimama, watoto walikuwa salama, na niliona aibu kulia kwa sababu ya zabibu wakati jirani anatafuta godoro. Lakini nililia. Tunda lililoiva likinywa maji mengi ganda linapasuka, na likipasuka linaoza ndani ya siku mbili. Nilikata vichala vyote, vikiwa na nywele za ukungu wa kijivu, nikavizika kwenye shimo la mbolea.

Nikaketi na kalenda. Desemba 16 hadi Aprili 27 ni siku 133. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, ndiye niliyeyapangia matunda yangu yaive katikati ya masika.

Hili ndilo ambalo vitabu vya Ulaya havitakuambia, kwa kuwa kwao halipo. Mzabibu wa kule unalazwa na baridi. Majani yanapukutika, mti unalala, na joto likirudi macho ya matawi yanachipua kwa pamoja. Nairobi tuko digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, kama mita 1,700 juu ya bahari, na hatuna baridi ya kuulaza. Ukiuacha utachipua nchani tu mwa matawi, mwaka mzima, kichala hiki kimeiva na cha pili yake kina maua. Hutapata hata ndoo moja ya zabibu za umri mmoja. Kwetu ni mikasi inayouambia mzabibu kwamba mwaka umeanza. Ndiyo maana Dodoma, ambako wanalima zabibu za mvinyo kwa mashamba makubwa, wanaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Basi hesabu kutoka mwisho. Nairobi masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Agosti kuna mawingu na baridi, na tunda linakaa chachu bila kupata sukari. Kipindi chenye jua la kuaminika ni Januari na Februari. Unataka matunda yaive hapo, rudi nyuma wiki 20, unafika mwanzo wa Septemba. Mimi sasa napogoa Septemba na kuvuna mara moja tu kwa mwaka. Wapo wanaotaka mara mbili. Mti wangu na mimi tumekubaliana mara moja.

Septemba 7, 2024 nilikata kila tawi la msimu uliopita nikaacha macho mawili, nikapukutisha majani yote yaliyobaki kwa mkono. Inatisha ukiona mti umebaki mifupa. Usiogope. Matunda yanakuja kwenye chipukizi jipya linalotoka kwenye tawi la msimu uliopita, kwa hivyo ukiogopa kukata utapata majani.

Shida ya ratiba hii ni kwamba maua yanakutana na vuli, na huo ndio wakati wa magonjwa mawili ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Unga unatibiwa kwa salfa, vinyoya kwa dawa za shaba. Pitisha macho kila asubuhi, punguza majani yanayoziba vichala ili upepo upite. Na salfa uiache wiki kadhaa kabla ya kuvuna, la sivyo mabaki yake yataleta harufu ya yai viza ndani ya ndoo.

Januari 25, 2025, siku ya 140, nilivuna kilo 28 kutoka mizabibu sita. Jua lilikuwa kali, hakuna tunda hata moja lililopasuka. Nilipiga picha kila kichala.

Kutengeneza kwenyewe sitakuchosha. Toa vikonyo, ponda, usitenge maganda, kwa sababu maji ya zabibu karibu zote hayana rangi na wekundu wote uko kwenye ganda. Nilitia kidonge cha salfaiti kwa kila lita nne na nusu kuua vijidudu vya porini, nikasubiri siku moja, kisha hamira ya mvinyo, Lalvin EC-1118, pakiti ya gramu 5. Hamira ya mkate waachie waoka mkate. Nunua haidromita, kile kifaa kinachoelea cha kupimia sukari. Yangu ilisoma 1.072, yaani pombe ingeishia asilimia tisa na nusu, na mvinyo dhaifu hivyo hauwekeki. Gramu 17 au 18 za sukari kwa lita huongeza asilimia moja, kwa hivyo kwa lita 18 niliongeza gramu 810 kufika kama asilimia 12. Sukuma maganda chini mara mbili kwa siku. Siku ya sita kamua machicha, mimina kwenye mtungi, funga mpira, subiri. Usijaze chupa mpaka haidromita isome namba ile ile wiki mbili, chini ya 1.000. Niliwahi kuharakisha pishi moja la Julai, baridi ilikuwa imeilaza hamira nikadhani imemaliza kazi. Oktoba joto lilirudi, chupa tatu zikapasuka kabatini usiku.

Nilipata chupa 22. Nikazifungia miezi kumi, na hapo ndipo watu wengi mnaposhindwa. Vijana wanaoniandikia wanataka kunywa baada ya wiki tatu. Jifunzeni kungoja. Na jifunzeni kutouza: ukitaka kuuza hata chupa moja, sheria ya vileo ya 2010 inakutaka uwe na leseni, na jirani anayekuletea pesa leo ndiye atakayekushtaki kesho. Msichemshe mvinyo kupata kinywaji kikali zaidi. Msiwape walio chini ya miaka 18, hata kuonja, hata kama ni wako. Andikeni kila kitu kwenye daftari, tarehe ya mikasi, tarehe ya maua, uzito. Na osheni.

Krismasi iliyopita familia yote ilikuja kwangu. Nilifungua chupa ya kwanza nikamimina mwenyewe. Shemeji alinusa, akanywa, akanyamaza. Alimaliza glasi. Baadaye alikuja jikoni peke yake akauliza kama imebaki nyingine ya kwenda nayo nyumbani. Nilimpa mbili. Nilingoja aseme neno moja kuhusu siku ile ya ruracio, hakusema, nami sikumkumbusha.

Ninapoandika haya vichala vya msimu huu vimeshageuka rangi, na wale ndege wa kijivu wenye kishungi na mkia mrefu wamevigundua. Kaka wa Kitengela, njoo Jumamosi tufunge neti pamoja. Vitawi vya kupanda nitakukatia, lakini itabidi urudi Septemba.