Watoto na wanyama wa Entebbe
Mwalimu, umeuliza kama watoto wa darasa la tatu watajifunza chochote kwenye kituo cha wanyama cha Entebbe, Uganda, zaidi ya kushangaa simba. Watajifunza, ila usiwakimbize banda hadi banda. Kituo kile kilianza mwaka 1952 kama makao ya wanyama yatima na majeruhi, kwa hiyo anzia hapo. Simameni kwa sokwe, umwombe mhudumu awaeleze wanyama hufikaje pale. Mtoto akisikia kwamba sokwe mchanga huuzwa baada ya mama yake kuuawa, au kwamba mtego wa waya uliotegewa paa huko kwenye msitu wa Budongo hukata vidole vya sokwe, maswali yatamiminika yenyewe. Twiga mtawaona mkipita. Na chipsi ziacheni kwenye basi, tumbili wa pale hawana adabu hata kidogo.