Hizo pesa za pembeni ni za nini

Mwanangu Mwanaidi,

Barua yako nimeipata, na shikamoo yako nimemfikishia bibi. Kaitikia marahaba, kisha akauliza utaolewa lini.

Umeuliza: ukishakatwa PSSSF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na bima ya afya kila mwezi, pesa ninazokusumbua uweke pembeni ni za nini, na uzeeni pensheni ipo, kadi ipo? Vipo. Ngoja nikufungulie daftari.

Nilistaafu 2023 nikiwa na miaka 60, baada ya miezi 420 ya kushika chaki. Kile kikokotoo cha mafao kilichopigiwa kelele, yaani sehemu ya pensheni unayolipwa kwa mkupuo, kilikuwa asilimia 33. Walichukua wastani wa mshahara wangu wa mwaka, wakazidisha kwa miezi ya utumishi, wakagawa kwa 580. Asilimia 33 ya hapo, mara 12.5, ndiyo iliyokuja kwa mkupuo: milioni 43. Iliyobaki naipata kila mwezi, 582,000. Mkupuo uliezeka nyumba na kumaliza ada ya mdogo wako, na ndugu walikuja kunipongeza, wengine sikuwa nimewaona tangu arusi yangu.

Kadi ya bima ya afya, NHIF, ninayo bado, natibiwa bila kuchangia, mimi na baba yako. Basi, wawili tu. Hapo ndipo sikupiga hesabu. Nilipokuwa kazini bibi alikuwa kwenye kadi yangu kama mzazi, nilipostaafu akatoka. Wewe nawe huwezi kumwandikisha, maana yako inapokea wazazi, si bibi. Miezi mitano baadaye akapata kiharusi.

Tena dawa si ndizo zinazonimaliza. Hospitali ya serikali kuna dirisha la wazee, mara nyingine tunatoka na dawa zote, mara nyingine tunaambiwa mbili tukanunue nje. Linalonimaliza ni kwamba mtu asiyejigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo unaota vidonda. Juzi saa nane usiku ananiambia, "Mwanangu, unanigeuza kama chapati, angalia nisiungue." Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Sasa soma Machi: dada wa kushinda naye mchana, pampasi za wakubwa nne kwa siku, bajaji ya mazoezi ya viungo, sabuni, mkaa wa maji ya moto. Jumla 410,000. Toa kwenye 582,000 uone umeme na mboga vinabaki na nini. Zamu ya usiku ni yangu, haimo daftarini.

Hakuna mfuko unaokukata mshahara kwa ajili ya mtu wa kukugeuza usiku. Za pembeni ndizo hizo. Na usizizike kwenye kiwanja. Kiwanja ukikiuza ukiwa na mgonjwa ndani, mnunuzi anakusoma usoni. Mimi ningenunua vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kidogokidogo. Na taarifa ya michango yako uwe unaiangalia mwenyewe. Shoga yangu mmoja alikuja kugundua siku anadai mafao kwamba mwajiri wake wa zamani alikuwa akikata bila kupeleka.

Jumamosi ukija, niletee pampasi saizi kubwa kabisa, huku Muheza zimeadimika. Na ulale chumba cha bibi, nipate usiku mmoja.

Mama yako