Kwa mwanangu, kuhusu barua ya pendekezo

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama utie sahihi barua ya kumpendekeza profesa wako kwa ile tuzo ya kimataifa. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara namkumbuka Jocelyn Bell.

Mwaka 1967 alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, akikagua mita kwa mita karatasi za darubini ya redio. Ni yeye aliyeona kialama kisichofanana na kingine chochote. Ndiyo pulsa ya kwanza hiyo, nyota inayotupigia mawimbi ya redio kwa midundo kama saa. Nobel ya fizikia ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake, Antony Hewish, pamoja na mwanaastronomia Martin Ryle. Kanuni inaruhusu watatu kugawana tuzo moja. Nafasi ya tatu ilikuwa wazi, mwanangu. Wazi!

Ile hafla niliyokwenda nawe, ukalala mapajani pangu kabla ya hotuba: vipimo vya miaka minne vilikuwa vyangu, nimevikeshea. Bosi alipovishwa medali aliwashukuru wafadhili, akamshukuru mkewe, kisha akasema, "na wengine wote waliosaidia." Nikapiga makofi hadi viganja vikaniuma, na bado nikaendelea. Baba yako hakutia neno njia nzima.

Nimekuambia tangu ukiwa mdogo: jina huandikwa siku kazi inapofanyika, si siku ya sherehe.

Lakini nisimdhulumu mtu. Wazo lilikuwa la bosi, fedha alizihangaikia yeye, na tungeshindwa, aibu ingekuwa yake. Bell mwenyewe aliwahi kuutetea uamuzi ule wa Nobel kwa hoja kama hiyo. Na mwaka 2018, alipopewa Tuzo Maalumu ya Breakthrough, dola milioni 3, alizitoa zote ziwasomeshe wanafunzi wa uzamivu wa fizikia kutoka makundi yenye watu wachache katika fani hiyo. Mimi sina moyo huo. Au labda ningekuwa nao, lau ningetajwa mara moja tu.

Basi sitakuambia usaini wala usisaini. Ulimi unaniwasha, lakini profesa ni wako, mimi simjui. Ila umeniandikia kurasa mbili za sifa zake, na katikati ukagusia "msaidizi wetu mmoja" anayelala maabara ili mashine isizimike.

Anaitwa nani?

Mama yako